Ndege za Kivita na Maonyesho ya Angani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Malindi na Lamu

Tarehe 21 Novemba 2025, ndege ya kivita aina ya Tejas ya Jeshi la Anga la India ilianguka mbele ya umati katika maonyesho ya ndege ya Dubai, na rubani wake akafariki. Video ya tukio hilo ilifika Malindi na Lamu upesi, kwa kuwa ni nadra huku kwetu kukosa jamaa anayefanya kazi Ghuba, na tangu hapo maswali yale yale yamekuwa yakirudi barazani. Majibu yaliyokusanywa hapa yanahusu zaidi ndege za kijeshi. Ndege za kiraia zimetajwa pale tu ambapo tukio lake linafafanua jambo.

## Mambo ya msingi

1. Maonyesho ya ndege yanatofautianaje na zile ndege zinazopita siku ya Jamhuri?

Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ndege zinazopita juu ya uwanja siku ya Madaraka au ya Jamhuri hufuata mstari mmoja ulionyooka, kwa mwendo usiobadilika na kwa urefu uliopangwa, kisha zinakwenda zake. Rubani hapindui ndege wala haipandishi wima. Onyesho la angani ni kinyume chake: rubani huchora maumbo, huizungusha ndege, huishusha karibu na ardhi na kuipandisha tena, na yote hayo ndani ya eneo dogo ili watazamaji wasipoteze kitu.

Kenya imewahi kuwa na maonyesho ya namna hiyo. Mwezi Mei 2022, Jeshi la Wanahewa lilionyesha ndege zake Uhuru Gardens, Nairobi, na wananchi wakaruhusiwa kuzitazama kwa karibu. Hata hivyo, nchi yetu haina kikosi maalumu kinachoishi kwa sarakasi za angani mfano wa Red Arrows wa Uingereza, walioanza mwaka 1965, au Frecce Tricolori wa Italia, ambao wakazi wengi wa Malindi wamewasikia kwa majirani zao Waitaliano.

2. Kwa nini jeshi lihatarishe ndege ya mabilioni kwa ajili ya tamasha?

Sababu ni tatu, na si zote zinazosemwa hadharani. Ya kwanza ni biashara: maonyesho ya Dubai, Paris na Farnborough ni masoko ya silaha, na mnunuzi hutaka kuiona ndege ikifanya kazi kabla ya kutia sahihi. Ya pili ni kuvutia vijana kujiunga na jeshi. Ya tatu ni heshima ya taifa, na hii ndiyo inayowasukuma wakubwa kuidhinisha mambo ambayo katika siku ya kawaida wasingeyakubali.

3. Ule moshi wa rangi unatoka wapi? Je, injini inaungua?

Hapana. Mafuta ya aina ya dizeli hunyunyizwa katika hewa moto inayotoka nyuma ya injini, yakageuka moshi mweupe. Yakichanganywa na rangi, moshi hutoka wa rangi hiyo. Moshi huo huwasaidia pia marubani wenyewe kuona mwenzao yuko wapi.

4. Rubani anahisi nini ndani ya ndege inapogeuka ghafla?

Abiria wa tuktuk husukumwa ubavuni dereva anapokata kona kwa kasi. Katika ndege ya kivita msukumo huo huelekea chini, kwenye kiti, na unaweza kufika mara saba hadi tisa ya uzito wa kawaida wa mtu. Kichwa chenye kilo 5 huwa kama chenye kilo 35 au zaidi. Damu hukimbilia miguuni, macho huanza kuona giza pembezoni, na msukumo ukizidi, rubani huzimia akiwa bado ameshika usukani.

Marubani huvaa suruali maalumu inayojaa hewa na kuwabana mapaja na tumbo ili damu isishuke, na hufundishwa kukaza misuli na kupumua kwa mpangilio. Hata hivyo mwili una kikomo. Tarehe 20 Agosti 2011, rubani wa Red Arrows, Jon Egging, alifariki karibu na Bournemouth, mji wa pwani wa Uingereza, baada ya onyesho kumalizika na kikosi kikiwa kinarejea kutua. Uchunguzi ulielekeza kwenye athari ya msukumo huo wakati wa kukata kona ya kuingia uwanjani. Watazamaji walikuwa wamekwisha kupiga makofi.

## Kwa nini ndege huanguka

5. Ni kosa gani linalojirudia zaidi katika sarakasi za angani?

Kuanza kushuka ukiwa huna urefu wa kutosha. Umbo ambalo watazamaji hulipenda zaidi ni duara la wima: ndege hupanda, hulala chali kileleni, kisha hushuka na kunyooka karibu na ardhi. Nusu ya pili ya duara hilo inahitaji nafasi maalumu ambayo haibembelezeki. Rubani akifika kileleni akiwa chini ya kiwango, ardhi itamfikia kabla ya duara kumalizika, hata kama injini ni nzima na mkono wake ni hodari. Ndiyo maana kila rubani wa maonyesho huwa na urefu wa lango: asipoufikia kileleni, haruhusiwi kushuka kwa duara, bali huigeuza ndege na kuondoka.

Ajali mbili zinaonyesha jambo hili waziwazi. Tarehe 22 Agosti 2015 huko Shoreham, Uingereza, ndege kongwe ya kivita aina ya Hawker Hunter iliingia kwenye duara ikiwa na mwendo mdogo, ikafika kileleni kwenye takriban futi 2,700 wakati ilihitaji angalau futi 3,500. Wachunguzi walionyesha kwamba rubani alikuwa na takriban sekunde nne baada ya kilele ambamo angeweza bado kujinasua. Zikapita. Ndege ikaangukia barabara kuu.

Ajali ya pili ni ya Mountain Home, Marekani, tarehe 14 Septemba 2003. Rubani wa Thunderbirds, kikosi cha sarakasi cha Jeshi la Anga la Marekani, alipanda akiwa na ndege ya kivita ya F-16, akaipindua na kuanza kushuka kutoka futi 1,670 juu ya ardhi badala ya futi 2,500. Alikuwa amepiga hesabu kwa kutumia urefu wa kambi yake ya nyumbani, ambayo iko chini kuliko Mountain Home kwa futi zipatazo 1,100. Kipimo cha urefu kilisoma sawasawa. Kilichokosewa ni namba ya kuanzia.

Sisi wa pwani tuna sababu ya kulizingatia hilo. Kipimo cha urefu kinaweza kuwekwa kisome kutoka usawa wa bahari au kutoka uwanja wenyewe. Malindi, ambako uwanja uko karibu sawa na bahari, namba hizo mbili hazipishani sana. Nanyuki, iliko kambi ya ndege za kivita za Kenya, ardhi yenyewe iko juu kiasi cha futi 6,000. Rubani wa Nanyuki anayekuja pwani na hesabu za nyumbani atakuwa juu kuliko anavyohitaji, na hilo halimdhuru. Aliyezoea pwani akipeleka hesabu zake Nanyuki anajipeleka ardhini. Tena hewa ya kule ni nyepesi: injini hupungua nguvu na kila duara huhitaji nafasi kubwa zaidi.

6. Je, kunguru anaweza kweli kuangusha ndege ya kivita?

Anaweza, na hilo si la kuchekwa. Tarehe 8 Juni 1989 katika maonyesho ya Paris, rubani Mrusi Anatoly Kvochur alikuwa akipita polepole na MiG-29, pua ya ndege imeinuliwa, wakati injini moja ilipomeza kiumbe mwenye mabawa na kuzimika. Kwa mwendo mkubwa, injini ya pili ingemtosha. Kwa mwendo ule mdogo na urefu ule mfupi, ndege ililala upande mmoja na kwenda chini. Kvochur alifyatuka na kiti chake mwishoni kabisa, akaokoka.

Malindi ina kunguru wengi mno, na mwewe hawakosi panapotupwa taka au panapopaliwa samaki. Mtu yeyote anayepanga kurusha ndege za kasi mbele ya ufuo wetu aanze na majaa ya taka kabla ya kufikiria viti vya wageni.

7. Ndege zinazoruka zikiwa zimekaribiana vile zinaachaje kugongana?

Marubani hawatazami mbele. Kila mmoja humkazia macho kiongozi au mwenzake aliye jirani, na kiongozi peke yake ndiye anayeangalia njia. Mambo hufanyiwa mazoezi kwa miezi, kwanza juu sana na kwa ndege chache, ndipo hushushwa na kuongezwa. Kwa kweli ndege zinazosafiri pamoja kwa mwendo mmoja hazina hatari kubwa kama inavyodhaniwa, kwa sababu tofauti ya mwendo baina yao ni ndogo. Hatari kubwa ni pale makundi mawili yanapotoka pande tofauti na kupishana. Wakati huo kuchelewa au kuwahi kwa sekunde moja ni umbali wa zaidi ya mita mia.

Hilo ndilo lililotokea Ramstein, kambi ya Wamarekani nchini Ujerumani, tarehe 28 Agosti 1988. Frecce Tricolori walikuwa wakichora moyo kwa moshi, na ndege moja peke yake ilitakiwa kupita katikati kama mshale, ikielekea kwa watazamaji. Ndege hiyo ilifika mapema na chini kuliko ilivyopangwa, ikagonga mbili za wenzake. Watu 70 walikufa: marubani watatu na watazamaji 67.

8. Si wahenga walisema ajali haina kinga?

Walisema, na mtu aliyefiwa ana haki ya kujiliwaza kwa msemo huo. Lakini wanaopanga maonyesho hawana haki ya kuutumia. Ukisoma mlolongo wa matukio yaliyotajwa hapa, utaona kwamba sehemu kubwa ya madhara iliamuliwa siku nyingi kabla ya injini kuwashwa: umati umewekwa wapi, ndege zinaelekea wapi, rubani ameuzoea uwanja au la, nani ana mamlaka ya kusema basi. Injini kuzimika ni kudra. Kuelekeza ndege kwenye umati wa watu laki tatu, kama ilivyokuwa Ramstein, ni uamuzi wa ofisini.

## Usalama wa watazamaji

9. Ni wapi pa hatari zaidi kusimama?

Mbele ya ndege inayokuja kwako. Ndege ikipata hitilafu, vipande vyake haviangukii pale ulipotokea mlipuko. Huendelea na safari kwa mwendo ule ule uliokuwapo. Farnborough, tarehe 6 Septemba 1952, ndege ya majaribio aina ya DH.110 ilivunjika angani ikiwa inageuka kuelekea uwanjani, na injini yake moja ikaruka hadi kwa watu waliokuwa kilimani. Watazamaji 29 na wanahewa wawili walikufa.

Baada ya Farnborough na Ramstein nchi nyingi ziliweka kanuni zinazofanana: ndege ziruke sambamba na umati, na maumbo yanayosukuma uzito wa ndege kuelekea watu yazuiwe. Marekani hupima nafasi hiyo kwa mwendo wa ndege. Zile za kasi sana hukaa umbali wa futi 1,500 kutoka kwa umati, za kati futi 1,000, na za polepole futi 500.

Mahali ambapo kanuni hizo zilipuuzwa matokeo yake yalikuwa mabaya kupita yote. Tarehe 27 Julai 2002, katika uwanja wa Sknyliv mjini Lviv, Ukraine, ndege ya Su-27 ilishuka mno, bawa likagusa ardhi, na ikaburuzika katikati ya familia zilizokuja kutazama. Watu 77 walikufa, 28 kati yao wakiwa watoto. Marubani wawili walifyatuka na viti vyao wakapona. Hakuna ajali ya maonyesho iliyoua watazamaji wengi zaidi.

10. Je, si salama zaidi kutazama bure kutoka barabarani au kwenye paa la nyumba?

Kwa bahati mbaya, hapana, na swali hili linastahili uzito kuliko linavyopewa. Mistari ya usalama huchorwa kwa ajili ya waliokata tikiti. Aliye nje ya ukuta huhesabiwa kuwa hayupo. Shoreham (tazama swali la 5) hakuna hata mmoja aliyekufa ndani ya uwanja. Wote 11 walikuwa kwenye barabara ya A27 au kando yake, wengine safarini na shughuli zao, wengine wamesimama pale kutazama.

Malindi tunalijua jambo hili bila kusimuliwa. Tarehe 10 Januari 2025, ndege ndogo ya mafunzo iliangukia barabara ya Malindi kwenda Mombasa katika eneo la Kwachocha. Haikuwa ya kijeshi wala hapakuwa na onyesho lolote, lakini watu watatu waliokufa walikuwa chini, na waliokuwa ndani ya ndege waliokoka. Uwanja wetu umebanwa na barabara, maduka na makazi. Siku ya onyesho, bodaboda na tuktuk zingejipanga kando ya lami hiyo hiyo kwa maelfu, na kama hakuna aliyepewa kazi ya kuifunga barabara, itakuwa ndiyo sehemu yenye watu wengi zaidi na ulinzi mdogo zaidi.

11. Onyesho linaweza kufanyika Malindi au Lamu?

Linaweza, lakini si juu ya uwanja. Njia ya kurukia ya Malindi ina urefu wa takriban kilomita 1.4, fupi mno kwa ndege za kivita kuwa na nafasi ya akiba, kwa hiyo ndege za namna ya F-5 zingelazimika kuruka kutoka Mombasa au kwao Nanyuki na kurudi huko. Jambo hilo si kizuizi. Miji mingi ya pwani ulimwenguni hufanya maonyesho juu ya maji: watu hukaa ufuoni, ndege huchora juu ya bahari, na ikitokea hitilafu, mabaki yanaangukia majini.

Bahari nayo ina hila zake. Wakati wa kaskazi maji yanaweza kutulia kama kioo asubuhi, na rubani asiweze kukadiria kwa macho yuko juu kiasi gani. Siku za ukungu wa joto, mbingu na maji hufanana rangi na upeo hupotea. Kwa sababu hiyo huwekwa maboya au mashua zilizotia nanga kwa mstari, rubani apate alama. Nyakati za kusi upepo huvuma kutoka baharini na kuisukuma ndege kuelekea ufuoni, kwa hiyo mstari wa maonyesho husogezwa mbali zaidi.

Lililo gumu kuliko yote ni vyombo. Eneo la maji chini ya ndege lazima liwe tupu, na hapo ndipo mipango ya ofisini hukwama, maana mvuvi aliyetega nyavu hawezi kuambiwa asubuhi ile ile aondoke. BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, zihusishwe mapema, siku zipangwe kwa kufuata bamvua na maji mafu, na mvuvi anayepoteza siku ya kazi alipwe. Lamu ina ugumu wa ziada: kati ya Shela, Amu na Manda mlango wa maji haukosi mashua, nayo ndiyo njia ya abiria wa uwanja wa ndege, wagonjwa na bidhaa. Mimi ningependekeza onyesho lolote la Lamu liwe la kupita tu (swali la 1), bila sarakasi.

12. Watoto wachanga waende?

Waende wakiwa wamefunikwa masikio kwa vifaa maalumu. Pamba haitoshi.

13. Ndege ikianguka karibu nami, nifanye nini?

Ondoka upande upepo unakotoka, ili moshi ukupe kisogo. Ndege za kisasa zimejengwa kwa nyuzi za kaboni, na zikiungua hutoa vumbi linalochoma mapafu. Aina nyingine, F-16 ikiwamo, hubeba kemikali iitwayo hidrazini ambayo ni sumu kali. Usiukaribie mwili wa ndege ukidhani unamwokoa rubani, kwa sababu kiti ambacho hakijafyatuka bado kina baruti. Acha njia wazi kwa magari ya wagonjwa, jambo ambalo kwa desturi yetu ya kukimbilia tukio ni gumu kuliko yote.

Ramstein lilitoa funzo jingine linalofaa kusomwa na hospitali zetu. Waokoaji wa Kimarekani na wa Kijerumani hawakuwa na mawasiliano ya pamoja, na sindano za kutundikia maji za upande mmoja hazikuingiliana na mirija ya upande wa pili. Majeruhi walifika hospitalini wakiwa na sindano mkononi ambayo haiwezi kuunganishwa na chochote.

## Rubani na kiti cha kujiokoa

14. Kiti cha kujiokoa hufanyaje kazi, na mbona si kila rubani hupona?

Rubani akivuta mpini, kioo cha juu huvunjwa au kurushwa, baruti na roketi humtoa na kiti chake, kisha parachuti hufunguka yenyewe. Viti vya kisasa vimeundwa viweze kuokoa hata ndege ikiwa imesimama chini. Wengi huumia uti wa mgongo, lakini huishi. Rubani wa Mountain Home (swali la 5) alifyatuka zikiwa zimebaki sekunde 0.8 ndege igonge ardhi, akatembea mwenyewe baadaye.

Kiti hakijui mbingu iko wapi, kinarusha tu kuelekea juu ya ndege. Ndege ikiwa imelala chali au inashuka kwa kasi karibu na ardhi, dirisha la kujiokoa hufungwa kabla ya chuma kugusa chini. Anayesema juu ya rubani yeyote kwamba alichelewa kuvuta mpini anasahau kuwa rubani wa maonyesho huamini hadi mwisho kuwa duara litamalizika.

15. Helikopta za jeshi zina viti kama hivyo?

Takriban zote hazina, kwa kuwa pangaboi liko juu ya kichwa cha rubani. Wapo Warusi waliotengeneza helikopta ya Ka-50 ambayo mapanga yake hurushwa mbali kwanza, lakini jambo hilo ni nadra. Injini ya helikopta ikizima, rubani hutegemea pangaboi linaloendelea kuzungushwa na hewa inayopita kutoka chini, na hiyo inamhitaji awe na urefu au mwendo wa kutosha.

Kenya imelipa gharama ya jambo hili nje ya maonyesho. Tarehe 18 Septemba 2023, helikopta ya kijeshi ilianguka katika eneo la msitu wa Boni, Kaunti ya Lamu, ikiwa doria ya usiku, na hakuna aliyepona. Tarehe 18 Aprili 2024, helikopta aina ya Huey ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, ikamwua Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, pamoja na wengine tisa, wawili waliokoka.

16. Ni kweli kwamba rubani hubaki ndani ili aielekeze ndege mbali na watu?

Hutokea, lakini husemwa mara nyingi kuliko inavyotokea. Husemwa mazishini, na pale si mahali pa kubishana. Kwa kawaida, kati ya rubani kutambua kuwa ameshindwa na ndege kugonga hupita sekunde moja au mbili, muda ambao hautoshi kuchagua mahali pa kuangukia. Kilichowaepusha watu, mara nyingi, ni mstari uliochorwa mapema (swali la 9).

## Uchunguzi, sheria na masuala ya pembeni

17. Nani huchunguza ndege ya kijeshi ikianguka Kenya?

Jeshi lenyewe, kupitia bodi ya uchunguzi. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaosimamia safari za kiraia, hauzihusu ndege za jeshi, forodha na polisi. Idara ya serikali inayochunguza ajali za ndege hushughulikia za kiraia, na lengo lake kwa kanuni za kimataifa ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumtafuta mkosaji. Ripoti za kijeshi hazilazimiki kutolewa hadharani kwa ukamilifu. Ningependa ziwe wazi zaidi, angalau pale raia walipoumia.

18. Rubani aliyeokoka anaweza kufungwa?

Inategemea nchi. Baada ya Sknyliv, mahakama ya kijeshi ya Ukraine mwaka 2005 iliwahukumu marubani wawili kifungo cha miaka 14 na miaka 8. Rubani wa Shoreham alishtakiwa na kuachiliwa mwezi Machi 2019. Mwaka 2022 uchunguzi wa vifo uliamua kwamba wale 11 waliuawa kinyume cha sheria, uamuzi ambao haukubadilisha hukumu ya kwanza.

19. Kwa nini onyesho huendelea baada ya mtu kufa?

Farnborough mwaka 1952, mabaki yalipoondolewa, rubani Neville Duke alipaa siku ile ile. Dubai pia ndege ziliruka tena saa chache baada ya Tejas kuanguka. Wanaotetea husema kwamba umati unaoondoka kwa mkupuo huziba barabara za magari ya wagonjwa, na hoja hiyo ina mashiko. Haielezi kwa nini muziki na mtangazaji lazima viendelee.

20. Naruhusiwa kupiga picha au kurusha droni?

Picha za ndege zinazoonyeshwa kwa umma hazina tatizo. Kambi za kijeshi ni jambo jingine, na watu wa Lamu wanajua jinsi ulinzi ulivyokazwa baada ya al-Shabaab kushambulia kambi ya kijeshi ya Manda tarehe 5 Januari 2020: usielekeze kamera huko. Droni inahitaji idhini chini ya kanuni za mwaka 2020, na siku ya onyesho hairuhusiwi kabisa kuwa angani bila kibali cha waandaaji na mamlaka ya safari za ndege. Plastiki ya gramu mia chache ikiingia kwenye injini hufanya kazi ile ile ya kunguru (swali la 6).

21. Mvuvi akikuta kipande cha ndege baharini afanye nini?

Asikipandishe chomboni. Huenda ni baruti, chupa ya gesi iliyobanwa au mtambo wa kunakili safari unaohitaji kutunzwa ndani ya maji hadi mafundi wafike. Aandike mahali, kwa simu au kwa alama za nchi kavu kama wavuvi wanavyotia alama miamba yao, kisha aarifu BMU, polisi au Walinzi wa Pwani. Kipande kilichooshwa ufuoni kiachwe kilipo na kiwekewe mtu wa kukilinda. Kuuzwa kwa chuma chakavu ni kosa, na huweza kuwanyima wachunguzi jibu.

22. Nyumba au chombo changu kikiharibiwa na ndege ya jeshi, namdai nani?

Serikali, kupitia kwa Mwanasheria Mkuu, si rubani wala kambi. Piga picha uharibifu kabla ya kufagia, chukua nambari ya taarifa polisi, weka fomu za hospitali pamoja na stakabadhi zote, na uandike majina ya walioshuhudia siku hiyo hiyo. Kesi ya madhara dhidi ya Serikali hufunguliwa ndani ya miezi 12, muda mfupi kuliko ule wa kumshtaki mtu binafsi, na barua za kuahidiana fidia hazisimamishi hesabu ya miezi hiyo. Wengi hungoja kamati imalize vikao vyake, wakija kwa wakili mlango umefungwa.